Ini Lililotoka Adana

GULSUM: Haloo? Nani mwenzangu?

NURCAN: Ni mimi, mama. Nurcan. Asalaam aleikum.

GULSUM: Waaleikum salaam, mkamwana. Nasikia ngurumo tu, sogea dirishani. Mwanangu Kadir ameshaingizwa kupasuliwa?

NURCAN: Bado. Yuko chumbani. Mimi niko nje, koridoni.

GULSUM: Bado? Si mlisema ini limefika tangu asubuhi?

NURCAN: Limefika, toka mji wa Adana. La yule marehemu wa ajali. Wameliweka kwenye mashine, linapitishiwa damu ya moto kama vile liko tumboni mwa mtu. Daktari anasema zamani ini dhaifu la namna ile lingetupwa palepale. Siku hizi wanalipatia saa chache lijaribu. Likitoa nyongo, linapandikizwa.

GULSUM: Mashaallah! Enhe, limetoa?

NURCAN: Mama, umekaa kitako?

GULSUM: Nurcan, limetoa?

NURCAN: Halikutoa, mama.

GULSUM: Waliongezee muda—

NURCAN: Wameliongezea. Limekuwa jeusi.

GULSUM: Basi wakate langu! Nakuja na basi la saa saba.

NURCAN: Mama, una miaka sabini na nne.

GULSUM: Ini linajua kuhesabu miaka?

NURCAN: Madaktari wanajua.

GULSUM: Na Erdal? Ndugu yake si alikubali kumpa kipande cha ini lake?

NURCAN: Amepungua kilo tisa, wanataka kumi na tano. Ini lake bado lina mafuta.

GULSUM: Nilimkanya na vile vitamutamu vya baklava!

NURCAN: Usimseme, mama. Anashindia matango. Wiki sita nyingine, labda.

GULSUM: Na Kadir anazo hizo wiki sita?

NURCAN: Huko jua limetoka?

GULSUM: Nurcan, mwanangu...

NURCAN: Mama, ananiita, naingia kwake. Hajaambiwa, daktari yuko njiani. Tafadhali usi—

KADIR: Nani, mama? Hebu nipe! Mama! Umeshaanua aprikoti?

GULSUM: Bado ziko juani, roho yangu. Umekula?

KADIR: Nani anipe? Mtu anayengoja kisu hali chakula. Wameninyoa mpaka kifuani, niko kama kuku wa sikukuu.

GULSUM: Ulikuwa na manyoya mengi mno.

KADIR: [anacheka, anakohoa] Nikitoka nataka zile kofte zako, madonge ya ngano.

GULSUM: Nitakupikia.

KADIR: Unajua hawataki kunitajia jina la marehemu? Ndiyo sheria yao. Nimemwombea hivyohivyo.

GULSUM: Umefanya vyema.

KADIR: Mbona sauti yako hivyo?

GULSUM: Vumbi la uani.

KADIR: Vumbi. Na Nurcan amenipa mgongo, anatazama maegesho ya magari. Mama... limekufa, sivyo?

GULSUM: Kadir wangu—

KADIR: Usiseme. Daktari huyo anaingia, amevua barakoa.

GULSUM: Usikate! Iweke simu hapo kitandani. Akisema, nami nisikie.

KADIR: Chaji inakwisha, ma—

GULSUM: Mwite mkeo akushike mkono. Umesikia? Mwite sasa hivi. Kadir? Haloo? Haloo?