Maji Yamepita: Historia ya Maisha ya Mama Mtaro

Mama yetu mzazi, watoto wa marehemu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, kinyozi wa pale kona, na familia imenituma nisome historia hii kwa sababu ndiye niliyegombana na marehemu kuliko wengine wote, kwa hiyo ndiye ninayemjua vizuri.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mtaro, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akaimaliza mwaka 1972 akiwa wa pili darasani, na angeendelea mbele kama baba yetu asingefariki mwaka huo huo, hivyo akabaki nyumbani kumsaidia mama kutulea, na malezi yake, jamani, hayakuwa ya kubembelezana.

Tarehe 3 Oktoba 1977 aliajiriwa na manispaa kuwa mfagiaji, akapewa kipande cha barabara kuanzia stendi hadi lango la shule, yaani hii inayopita mbele ya nyumba yetu, pamoja na ufagio, koleo na toroli lenye gurudumu bovu. Tarehe 23 Agosti 1980 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, ambao wako hapa mbele yenu, na ambao hawajawahi kutupa hata karatasi ya pipi chini, kwa sababu hawakuthubutu.

Desemba 1985 alitunukiwa cheti cha mfagiaji bora, shemeji akakitengenezea fremu, kikatundikwa juu ya kitanda cha mama. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mwenyewe aliniagiza nisiliruke hili. Wafagiaji wa wakati ule walifundishwa kusukumia taka mtaroni, barabara ikabaki inang'aa, msimamizi akapita na baiskeli yake akaridhika, na mambo yakaishia hapo. Nasi wenye maduka tulifanya vilevile, mimi nikimwaga humo nywele za wateja kila jioni, muuza matunda akimwaga maganda, wasafiri wakirusha chupa na mifuko ya plastiki, kila mtu akiamini kwamba kilichoingia mtaroni kimekwisha.

Jumatano, tarehe 9 Aprili 1986, ikanyesha mvua kubwa, maji yakakosa pa kupita, yakageuka na kuingia nyumba kumi na saba, na dada alipofika mbio kutoka kazini alimkuta mama, aliyekuwa na homa, amesimama juu ya godoro lililolowa chapachapa, ameshikilia ukuta, na juu ya kichwa chake kile cheti kikavu kabisa. Mama alilazwa siku kumi na nane, watoto wa mtaa mzima wakaharisha, na maji yalipopungua dada aliingia mtaroni akavuta kizibo chenyewe, mifuko, chupa na vifuniko, vyote vimesokotana na nywele za wateja wangu kama kamba, akazitambua taka zake moja moja, kwa kuwa alizifagia yeye. Nilimwona akilia siku hiyo, na sijawahi kumwona akilia tena.

Kwenye mkutano wa mtaa, watu wakiilaumu manispaa na wengine wakimlaumu hata Mungu, dada alisimama akasema aliyeuziba mtaro ni yeye, na sisi tulimsaidia, akaketi. Kisha akaenda hospitali kumwahidi mama kwamba maadamu yeye yuko hai, maji hayataingia tena chumbani mwake, na mama, ambaye mnamjua si mtu wa kudanganywa, akamwambia ahadi ya mdomo aipeleke kwingine, aandike. Dada akakitoa cheti kwenye fremu, akakigeuza, akaiandika ahadi hiyo nyuma yake.

Kuanzia hapo hakusukumia tena hata jani moja mtaroni, kila kitu alikibeba kwa toroli, akawa wa mwisho kumaliza kazi, na msimamizi akampa barua tatu za onyo kwa uzembe. Uzembe, dada yangu! Alisimama stendi wiki mbili akitazama mahali watu wanapomalizia kula, kisha akamwambia mumewe atengeneze mapipa yenye vifuniko na kuyaweka pale pale, wala si karibu na mlingoti wa bendera kama ofisi ilivyotaka. Fundi wa kuchomelea akatengeneza wavu wa nondo mdomoni mwa mtaro, maganda ya matunda yakaanza kwenda kwa mfugaji wa mbuzi, mwenye duka akakubali kupokea chupa tupu, na aliyetupa kitu alikimbiliwa na dada, akarudishiwa kwa heshima zote, samahani mwenzangu, umeangusha. Mimi mwenyewe niliporudia ujinga wangu aliingia kinyozini na furushi la nywele mbichi zenye matope, akaliweka kwenye kiti mbele ya wateja wanne, akaniambia huyu naye anasubiri zamu yake, na tangu siku hiyo nywele zangu zina gunia lake.

Mvua ya mwaka 1987 aliiandika nyuma ya cheti bila kujitetea, yameingia, vidole viwili. Lakini tarehe 11 Aprili 1989 ilinyesha kuliko ile ya mafuriko, mtaro ukanguruma, maji yakapita yote, na mtaa mzima ukatoka kucheza katika mvua, fundi wa kuchomelea akateleza akaanguka kifudifudi akaendelea kucheza vivyo hivyo, na dada akaandika, yamepita. Mwaka 1994 manispaa ilimwandikia barua ya nne, ya kumpandisha cheo kuwa msimamizi, akapiga marufuku mji mzima kusukumia taka mitaroni, akawafunza wafagiaji mia moja na ishirini, na alipostaafu mwaka 2018 neno hilo, yamepita, lilikuwa limeandikwa mara arobaini na sita.

Julai 2021 alianza kukohoa, madaktari wakasema ni vumbi la miaka mingi lililomharibu mapafu, akatibiwa kwa uvumilivu, na Jumanne tarehe 18 Aprili 2023, saa mbili na robo asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jana mchana, yeye akiwa amelala hapa sebuleni, wote mliona mvua iliyoshuka. Mama, mwenye miaka themanini na minne, alivuta kiti hadi mlangoni akasema mtoto wake aliahidi maadamu yuko hai, na sasa hayupo, basi tuinue godoro. Nawaambia ukweli, niliogopa, maana nyumba imejaa watu, chupa za maji kila kona, na mwenye mtaro wake amefumba macho. Nikachukua koleo nikatoka, na nje nikamkuta muuza matunda ameshashika wavu, wafagiaji wamevaa sare wakati hawako zamu, na waombolezaji wenye nguo zao nzuri wamesimama mtaroni, maji magotini, wakipokezana taka. Hakuna aliyewaita. Maji yakanguruma, yakapita, na kizingiti cha mama hakikulowa.

Mama akaomba kile cheti, akanipa kalamu, nami nikaandika tarehe ya jana, 20 Aprili 2023, yamepita, na huo ndio mstari wa kwanza usio wa mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili, wafagiaji wenzake, majirani wa nyumba zote kumi na saba, na kila aliyeshika koleo jana. Tukitoka makaburini kila mtu aondoke na chupa yake, tafadhali, msije mkanifanya nianze kuwakimbilia.

Dada, tumelipokea koleo. Pumzika kwa amani.