Mjomba wa Mwamina

MWAMINA: Haloo? Nachingwea hapo? Naongea na nani?

SABAHA: Na Sabaha, wakili. Nani mwenzangu?

MWAMINA: Mimi Mwamina wa Ruangwa. Mke wa marehemu Kaimu.

SABAHA: Dada Mwamina. Habari za tangu juzi?

MWAMINA: Nzuri— si nzuri, mdogo wangu. Mbona hujaja? Baraza la kesi ya shamba langu linakaa sasa hivi, hapa mbele ya ghala la ufuta. Karani Anselmo kanihurumia, kanipigia hii simu.

SABAHA: Nilikwambia, dada. Wakili haruhusiwi kwenye baraza la liwali. Ndiyo sheria yao. Jana nimerudi tena bomani, nimeomba mpaka nimeona haya. Wamekataa.

MWAMINA: Nami niliposikia mwanamke wa kwetu kasomea uwakili Ulaya, nikasema nimepona. Kumbe joho lako mwisho Nachingwea.

SABAHA: Ndiyo, mwisho hapa. Nani anakusemea?

MWAMINA: Si mjomba Swalehe, kaka wa mama? Nani mwingine?

SABAHA: Atasema nini?

MWAMINA: Amekuja na baiskeli mpya.

SABAHA: [mkwaruzo] Na nini?

MWAMINA: Baiskeli. Mpya. Wapwa wa marehemu waliomnunulia wamefuatana naye, wanacheka. Atasema mikorosho ya shambani ni yao, maana Kaimu mjomba wao ndiye aliyeipanda.

SABAHA: Aliipanda kwenye shamba la mama yako. Alikuja kuoa kwenu, akapewa pa kulima.

MWAMINA: Swalehe anajua hayo kutushinda sote. Lakini mjomba akishasimama—

SABAHA: —wewe huna neno tena. Najua. Sasa sikiliza. Ingia kabla hajaanza. Mwambie liwali: huyu namkataa, si mjomba wangu tena. Hapo hawatakuwa na wa kumuuliza ila wewe.

MWAMINA: Nimkatae mjomba!

SABAHA: Ndiyo, dada.

MWAMINA: Unajua unaloniambia, Sabaha?

SABAHA: Najua.

MWAMINA: Binti yangu Mwanabibi anaingia unyago mwaka huu. Nani atamtoa mwali? Akichumbiwa, posa wapeleke kwa nani?

SABAHA: Na bila shamba utamlisha nini?

MWAMINA: Bila mjomba mimi nani? Mtu wa kuokotwa njiani. Wewe ulimkataa wako, alipokuzuia kwenda kusoma.

SABAHA: Ndiyo.

MWAMINA: Ikawaje?

SABAHA: Dakika zinakwisha, dada, tuseme la—

MWAMINA: Ikawaje?

SABAHA: Mama alipofariki hawakuniletea habari. Nilikuta kaburi limeshaota majani. Mpaka leo nikipita kwetu Mtua natoa salamu, hawaitikii.

MWAMINA: Ndiyo nitakavyokuwa.

SABAHA: Huenda. Siwezi kukudanganya. Kusoma kote kule, na hili ndilo pekee nililonalo la kukupa. Naona aibu, dada.

OPERETA: Nachingwea, muda wenu umekwisha. Boma wanangoja laini.

SABAHA: Tuongezee, tafadhali.

OPERETA: Kidogo tu, bibi.

MWAMINA: Wananiita. Sabaha, nikimkataa, utakuwa mjomba wangu?

SABAHA: Mimi mwanamke. Tena si wa ukoo wenu.

MWAMINA: Sikukuuliza hayo. Mwanabibi utamtoa?

SABAHA: Nitamtoa.

MWAMINA: Nikifa, utakuja kunizika?

SABAHA: Nitakuzika, dada. Na nikitangulia mimi—

MWAMINA: Nitakuja. Hata kwa miguu. Haya, naingia. Anselmo, shika simu yako.

SABAHA: Dada Mwamina? Dada?

ANSELMO: Ameshatoka, bibi. Mimi karani wa ghala. Niikate?

SABAHA: Usikate. Unawaona?

ANSELMO: Nawaona dirishani. Swalehe amesimama... Mama naye kasimama mbele yake. [mkwaruzo] Wazee wamenyanyuka. Kuna mtu anamvuta kanga, hakai.

SABAHA: Anasema nini?

OPERETA: Nachingwea, nakata sasa.

SABAHA: Ndugu yangu, nakuomba. Anselmo, anasema nini?

ANSELMO: Ngoja... Liwali anamuuliza, basi mjomba wako ni nani. Mama amesema, Sabaha binti Shaibu wa Mtua. Ndiyo wewe?

SABAHA: Ndiyo mimi.

ANSELMO: Wanacheka, bibi. Lakini liwali amewanyamazisha. Amemwambia mama aseme mwenyewe—