Mpiga Besi Aliyejitoa Kwenye Wimbo Wake

Vuta kiti, msikilizaji. Kama una kitu jikoni, punguza moto kwanza. Hii ni saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka, na leo tuna mtu ambaye huenda umewahi kucheza kwa sababu yake bila kujua kwamba yupo. Alikuwa mpiga gita la besi. Alikuwa pia fundi wa friji. Tumemzika wiki iliyopita. Sote tulimwita Besi, na mkewe naye alimwita Besi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kitambulisho tu.

Nirudie kwa aliyewasha redio sasa hivi. Marehemu alikuwa mpiga besi, na alikuwa fundi friji. Ukimuuliza yeye, angekwambia hizo si kazi mbili. Akiitwa kwenye nyumba ya mtu, hakuwa na haraka ya kufungua kisanduku cha vifaa. Aliweka kiganja ubavuni mwa friji, akafumba macho, akasikiliza inavyonguruma. Wenye nyumba walisimama nyuma yake kimya, kama ndugu wa mgonjwa. Kisha angesema, hii imeshuka sauti, au, hii inatangulia mapigo. Mteja haelewi kitu, lakini jioni maji ni ya baridi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye bendi. Ilikuwa bendi ya mtaani, vijana wenye vyombo vichache na kelele nyingi. Mwimbaji alikuwa dada yake Besi, aliyemfuata kuzaliwa. Sauti ile niliisikia ana kwa ana, ukumbini, enzi zile nina suruali pana na akili finyu. Wimbo wao uliotikisa zaidi ulianza na besi peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Besi peke yake, karibu dakika nzima, na ukumbi mzima umeshasimama kabla dada hajafungua mdomo. Mwanzo ule aliutunga Besi mwenyewe. Ndicho kitu pekee alichotunga maishani mwake.

Dada alifariki mapema, akaacha binti mdogo. Bendi nayo ikafa. Besi na mkewe wakamchukua yule mtoto wakamlea, na akakua akimjua mama yake kwa sauti ya kaseti tu. Leo ni mtu mzima, kazi yake ni kutengeneza tovuti za maduka na shule. Nilikaa naye juzi sebuleni pao, yeye na mjane, na haya ninayokusimulia ni yao.

Jambo lote lilianza kaseti zilipoanza kuchoka. Siku moja waliweka ule wimbo mkubwa, sauti ya dada ikatoka kana kwamba anaimba chini ya blanketi. Besi akaizima redio. Mjane anasema hata chakula hakikupita siku hiyo. Alitaka kitu kimoja tu, wasikilizaji wapendwa. Alitaka sauti ya dada yake isizikwe mara ya pili. Na hakutaka ihifadhiwe kabatini, akija mgeni itolewe kama sahani za kioo. Alitaka imfikie yeyote mwenye simu, mwenye nacho na asiye nacho.

Mpwa wake akasema hilo halina shida, tutengeneze tovuti. Akahamisha kaseti zote kwenye kompyuta, akazisafisha kadiri alivyoweza. Ikabaki kuchagua njia, na njia iwe ya bei wanayoiweza, maana pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kuchezea fedha.

Njia ya kwanza ilikuwa ya bure. Kuna mitandao inakupa ukurasa bila kulipa, unapakia nyimbo zako, basi. Wakajaribu. Wimbo ukaanza, dada akaingia, akafika pale anapoipandisha sauti, mara likaingia tangazo la magodoro. Mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Besi hakucheka. Alimwambia mkewe, wifi yako hajawahi kumpisha mtu jukwaani, hawezi kuanza leo kupisha godoro. Bure ghali, ndivyo tulivyoambiwa tangu zamani.

Njia ya pili ilikuwa kuipa kampuni kazi yote. Picha zinatembea, rangi zinameremeta. Besi mwenyewe alikiri inapendeza. Lakini ada yake ilikuwa nzito, ya kila mwaka, na siku ukishindwa kulipa tovuti inafungwa na nyimbo zimo ndani. Besi akauliza, "Na mimi nikifa?"

Wakaishia njia ya tatu. Walikodi nafasi ndogo kwenye kompyuta za kampuni moja, kwa ada ambayo binti angeimudu hata mwaka ukiwa mbaya, na ukurasa akautengeneza mwenyewe. Mweupe, mtupu. Jina la wimbo, kitufe cha kusikiliza, kitufe cha kupakua. Picha moja ya dada. Binti anasema aliona aibu. Yeye anayewatengenezea watu tovuti za kung'aa, halafu ya mama yake inafanana na karatasi ya mtihani.

Hapo ungedhani wamefika. Bado. Besi aliamini kwamba friji haipimwi kwa fundi, inapimwa kwa mwenyewe, pale itakapokaa na umeme wa pale pale. Basi akaanza kuijaribu tovuti kwa wateja wake. Akimaliza kazi anasema, mama, hebu fungua hapa. Watu walidhani ni sehemu ya huduma. Mmoja alimuuliza kama asipofungua, friji itaharibika tena.

Kwenye kantini moja alimkuta mpishi, mwanamke mwenye simu ndogo iliyopasuka kioo. Mpishi akabonyeza ule wimbo mkubwa. Kiduara kikazunguka. Akaenda kugeuza sufuria, akarudi, kiduara bado kinazunguka. Mwisho bando likakata hata sauti haijatoka. Mpishi aliipangusa simu kwenye aproni, akaitia mfukoni, akamwambia kwa heshima zote kwamba muziki wa mitandaoni si wa watu kama yeye.

Neno hilo lilimchoma Besi. Alirudi nyumbani akamwambia mpwa wake kwamba wamekosea tangu mwanzo. Walikuwa wameuliza bei ya kutengeneza. Hawakuuliza bei ya kusikiliza.

Binti akaeleza kwamba nyimbo zinaweza kubanwa. Wimbo ukibanwa unakuwa mwepesi, unafunguka upesi, hauli bando. Lakini kuna jambo. Spika ya simu ndogo haiwezi sauti nene. Ukiiacha ndani inakwaruza na kumfunika mwimbaji. Ukiipunguza, mwimbaji anatoka safi. Na sauti nene, msikilizaji wangu, ndiyo besi. Binti alipendekeza waweke nyimbo za aina mbili, nzito na nyepesi. Besi akakataa, kwa sababu nafasi waliyokodi ilikuwa ndogo na ingebidi nyimbo nyingine za dada ziachwe nje. Akasema punguza besi. Ikapunguzwa.

Wakarudi kwa mpishi. Safari hii wimbo ulifunguka papo hapo. Kisha kimya. Mpishi akabonyeza tena. Kimya. Akasema imeharibika. Haikuwa imeharibika, wasikilizaji wapendwa. Kumbuka wimbo unaanza na besi peke yake. Kwenye simu ile, ile dakika iliyowahi kuinua ukumbi mzima ilikuwa kimya kitupu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwa na simu ya mpishi. Wateja wengine nao walifanya vilevile. Walibonyeza, wakangoja kidogo, wakafunga. Hakuna aliyefika kwa dada.

Basi Besi akamwambia mpwa wake akate mwanzo.

Binti alikataa. Anasema ndiyo mara ya kwanza maishani kumpandishia mjomba wake sauti. "Mjomba, pale ndipo ulipo wewe. Ukipaondoa pale, hupo popote."

Besi akamjibu taratibu. "Mwanangu, mimi kazi yangu ilikuwa kumfungulia mlango mama yako. Sasa mlango wenyewe ndio unazuia watu. Ung'oe, wapite."

Mwisho mjane ndiye aliyeingilia. Alimwita binti jikoni akamwambia, "Mkatie. Huyu tangu anioe hajawahi kuomba kitu chake. Na hata hiki anachoomba si chake."

Waliponisimulia hapo, niliomba maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Binti akakata. Anasema alivua vipokea sauti ili asisikie, akawa anafuata mistari tu kwenye skrini. Besi akaenda kantini. Mpishi akabonyeza, na dada akaanza kuimba pale pale, safi, katikati ya mvuke na vyombo. Mpishi akaacha mwiko kwenye sufuria. Akaurudia wimbo. Wenzake wakaja na simu zao. Akamuuliza Besi huyu ni nani, Besi akasema ni dada yangu. Na wewe ulikuwa unafanya nini? Besi akasema alikuwa nyuma.

Tangu siku ile nyimbo zikatembea. Watu walizipakua, wakatumiana, wakaandika kutoka miji ambayo bendi haikuwahi kukanyaga. Wote walisifu sauti ya yule dada. Besi hakutajwa na mtu, na mjane anaapa kwamba alifurahi, alifurahi kweli. Mimi nisingeweza. Mimi nikisahauliwa kutajwa mwisho wa kipindi, nyumbani hakulaliki.

Kisha akaugua. Mpwa wake alikwenda wodini kila alasiri na simu. Mgonjwa haulizwi uji, akaufungua ule wimbo bila kumuuliza. Besi akainua mkono kumzuia. Halafu akaanza mwenyewe, kwa mdomo, ule mwanzo uliokatwa, wote, kwa sauti ya kifuani. Alipofika mwisho akamwonyesha kwa kichwa: sasa. Binti akabonyeza, dada akaingia. Ikawa ndiyo desturi yao. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipunguza mazungumzo wakisikiliza, na wodi ile ndiyo iliyousikia wimbo mzima.

Siku ya mwisho hakuwa na pumzi. "Alinitazama tu," binti ananiambia. "Nikajua natakiwa nianze mimi. Nikaanza, nikakosea. Akanisahihisha kwa kidole, anagonga shuka. Nikaanza upya. Nilipomaliza kidole kikatulia, nikabonyeza, mama akaimba." Besi aliaga dunia kesho yake asubuhi.

Kwa mjane, kwa mpwa wake, kwa wanabendi waliobaki na kwa nyumba zote alizotengenezea friji, redio hii inawapa pole. Tumelia pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, kabla hujalala mfikirie mtu mmoja aliyepunguza sauti yake ili ya mwingine isikike. Kama yu hai, usingoje kipindi cha namna hii ndipo umtaje.

Binti amenipa wimbo wenyewe, kama ulivyorekodiwa, haujakatwa. Tunaupiga sasa. Wenye redio kubwa, mtausikia wote. Wenye redio ndogo, kwa karibu dakika nzima hamtasikia kitu. Tafadhali msizime, msihamie kwa jirani zetu. Hatujakatika hewani. Ni yeye, anapiga.