Godson Mwadime na Baa Mia Moja na Kumi na Mbili za Brent

Godson Kisombe Mwadime, ambaye leo tumemsindikiza hadi hapa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mgange, kwenye milima ya Taita, Kenya. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Elijah Mwadime na Mama Mghoi. Wa kwanza ni Crispus, aliyemzidi kwa miaka minne. Mama Mghoi husema Godson alichelewa kutembea kwa sababu Crispus alikuwa akimbeba kila mahali, na siku alipochoka kumbeba, mtoto akaanza kumfuata. Ni vizuri hili lijulikane mapema, maana maisha ya marehemu hayakwenda mbali sana na hapo.

Alisoma shule ya msingi pale Mgange kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari mjini Voi hadi 1983. Alifanya vizuri katika hesabu na jiografia. Ripoti ya mwalimu wake wa darasa ya mwaka 1982, ambayo mjane bado anayo, inasema: "Ana bidii. Hajui kuacha." Mwalimu hakufafanua kama sentensi ya pili ilikuwa sifa.

Kuanzia 1985 alikuwa karani katika stesheni ya reli ya Voi. Crispus alikuja London mwaka 1998, na Mei 2002 Godson akamfuata. Alifanya kazi miaka mitatu katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, halafu akaendesha basi hapa kaskazini-magharibi mwa jiji kuanzia 2005 hadi alipougua. Abiria walimpenda kwa sababu alikuwa akiwasubiri wanaokimbia. Wasimamizi wake walimwandikia barua mbili kuhusu jambo hilo hilo.

Alifunga ndoa na Lydia Wakesho, muuguzi, tarehe 17 Desemba 1994 mjini Wundanyi. Lydia anasimulia: "Nilimwambia nitafikiria. Akakaa kwenye benchi nje ya hospitali akinisubiri nifikirie." Walijaliwa watoto wawili, Tevin na Marion. Marion amezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chote, na hujibu kwa Kiingereza.

Juni 2008 Mzee Elijah alifariki. Godson alisafiri kumzika. Crispus hakuonekana, simu yake haikupokelewa, na Godson aliporudi London alikuta chumba cha kaka yake kule Willesden kina mpangaji mwingine. Polisi walimsikiliza kwa adabu. Walimweleza kwamba mtu mzima anaweza kuhama bila kuaga, na kwamba wakimpata, watamuuliza kwanza kama anataka kupatikana. Mama Mghoi hakuelezwa habari hizo. Kila Jumapili alipiga simu na kuuliza neno moja: "Umemwona?"

Godson alijua kwamba Crispus alipenda baa zenye mchezo wa kurusha vishale. Basi Januari 2009 alinunua daftari, akaanzia Kilburn High Road, na kuazimia kuingia kila baa ya Brent, wilaya yetu hii ya London. Yeye mwenyewe hakunywa. Dereva wa basi hanywi, na mzee wa kanisa anatarajiwa asinywe. Aliagiza soda ya limau, akasubiri nusu saa, ndipo akauliza kama wanamjua Crispus Mwadime. Picha hakuonyesha. Kuonyesha picha, alisema, ni kazi ya polisi, na aliona jinsi watu wanavyoinamia glasi zao polisi wanapoingia.

Kwa njia hiyo aliijua Brent kuliko wengi waliozaliwa humo. Alizijua baa za Waairishi, ambako wazee walimhurumia, wakamtajia jamaa zao wenyewe waliopotea humu humu London, naye akawaandika pia daftarini endapo angewakuta. Alizijua za Harlesden, ambako Wabrazili walimkumbatia bila kumsikia, na za Wembley zinazouza nyama choma na pilipili ya Kipunjabi. Baada ya jina la kila baa aliandika "Hajulikani."

Kanisa letu lilichukua hatua. Mwaka 2012 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na Mzee Njoroge, ulifika nyumbani kwake kumshauri.

"Mzee mwenzetu, ulionekana ukitoka baa Jumanne. Tena Jumatano, baa nyingine."

"Za Alhamisi hamkuziona?"

"Ziko za Alhamisi?"

"Ziko mbili. Ya pili ina supu nzuri."

Mzee Njoroge aliomba. Maombi yalikuwa marefu, na Godson alisema amina kwa moyo wote, kisha akawauliza kama kati yao kuna anayefahamu baa yoyote aliyoiruka. Mmoja wao alifahamu mbili.

Alimaliza baa ya mia moja na kumi na mbili Novemba 2015. Januari akaanza tena mwanzo. Ilikuwa katika mzunguko huo wa pili, Jumapili tarehe 5 Juni 2016, ndani ya baa moja ya Kingsbury, ndipo Mama Mghoi alipopiga simu na mwenye baa akasikia Kiswahili. Huyo ni Bwana Harjit, ambaye yuko nasi leo. Aliondoka Nakuru akiwa na miaka kumi, na Kiswahili chake kimebaki na umri huo.

"Wewe iko ya Kenya? Ile rafiki yako Francis iko wapi?"

"Francis gani?"

"Ile ya vishale! Mkono ya kushoto. Hii kidole hapa iko fupi."

Crispus alikatwa ncha ya kidole hicho na panga akiwa na miaka tisa, akimkatia mdogo wake muwa. Alikuwa akinywa katika baa hiyo kila wiki hadi 2011. Godson aliingia humo mara ya kwanza Machi 2010, akauliza jina la Crispus, na daftari likaandikwa "Hajulikani."

Jioni ile ile alikuja kwetu, sisi jamaa zake wa hapa.

"Kumbe Crispus alikuwa akiitwa Francis?"

Karatasi za Crispus za kuishi nchini humu ziliisha muda mwaka 2004, na tangu hapo alifanya kazi, alipanga nyumba na kujulikana kwa jina la mwenye karatasi alizoazimwa. Sote tulijua. Lakini mambo ya karatasi hayasemwi kwenye simu, wala mbele ya watoto, wala kanisani, na kila mmoja wetu alidhani Godson ameambiwa na mwingine. Wasifu huu unaandikwa na mmoja wa waliojua.

Hakutulaumu. Aliomba chai. Harjit alikuwa amemwambia kwamba Francis aliaga akisema anahamia Hayes. Hayes iko nje ya Brent, na ina baa zake.

Oktoba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Walimpa miezi sita. Yeye alichukua kumi na sita. Januari mwaka huu, akiwa amelazwa, alimwambia Lydia imebaki baa moja tu kati ya zile za Hayes, karibu na stesheni.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mama wa Umoja wa Akina Mama, niingie baa?"

"Agiza kwanza ndipo uulize. Wanachukia ukiuliza mikono mitupu."

Tarehe 21 Januari 2025 Lydia aliingia baa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaagiza chai. Hawakuwa na chai; mhudumu alimchemshia ya kwake. Alisema anawajua akina Francis watatu, na wote vidole vyao vimetimia. Lydia aliporudi wodini, Godson alimuuliza neno lile la mama yake. Lydia akajibu, "Bado." Godson akasema, "Bado si hapana," akageukia ukuta.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na minane. Aliagiza azikwe hapa London. Tulimwambia Mgange wanamsubiri. Akatujibu, "Nikifika peke yangu mama ataniuliza. Nitamjibu nini, nikiwa nimelala?"

Ameacha mama, Mghoi, mjane, Lydia, na watoto, Tevin na Marion. Kuhusu Crispus, kamati ya mazishi ilikaa vikao vitatu. Mzee Njoroge alitukumbusha kwamba programu ina orodha mbili tu, ya walioachwa na ya waliotangulia, na hakuna ya katikati. Marion ndiye aliyekata shauri, na safari hii alisema kwa Kiswahili: "Mwandikeni pale ambapo Baba angemwandika." Kwa hiyo, ameacha pia kaka mmoja, Crispus Mwadime, anayejulikana vilevile kwa jina la Francis. Kama tumekosea, Godson ameshajua, na hana njia ya kutuambia.

Mungu ampe pa kukaa. Apumzike, amezunguka vya kutosha.