Bi Zamu, Aliyebisha Hodi Mara ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka jirani. Hakuwa na cheo, hakuwahi kupigwa picha ya gazeti. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu. Kwa miaka ishirini na sita alipanga zamu za mafundi katika kiwanda cha nguo, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Zamu. Moyo wake ulisimama Jumatatu asubuhi, wiki iliyopita, akiwa anaanika shuka. Shuka zenyewe hazikuwa zake.

Zilikuwa za nyumba ya pili kutoka kwake, kwa fundi umeme na mkewe. Binti yao mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Wanamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Chiriku ana saratani ya damu. Ilimpata akiwa na miaka mitano, ikatibiwa, ikaondoka. Ikarudi akiwa na minane, ikatibiwa, ikaondoka. Mwaka jana ikarudi tena. Mara ya tatu, wasikilizaji.

Baba yake aliniambia: "Mara ya kwanza viti havikutosha sebuleni. Mara ya pili walikuja wachache. Mara ya tatu, mtu akiniona kwa mbali anakumbuka kuna kitu kasahau nyumbani."

Bi Zamu akabisha hodi. Hakuja na pole, alikuja na daftari. "Nani anamchukua mdogo wake shuleni? Nani anafua? Nani anakaa wodini, mama akienda kuoga?" Jibu la maswali yote lilikuwa moja: mama. Akafunga daftari, akaanza kupita mlango kwa mlango.

Mwenye duka la kona hakutaka. Anakiri mwenyewe: "Nilimwambia, Bi Zamu, mtoto yule si ndiyo basi tena? Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, 'Nani kakwambia? Wewe ni Jumanne, saa sita mchana. Lete chakula. Huo uso wa msiba uache dukani.'" Tangu siku hiyo hajakosa Jumanne hata moja.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na alipenda mno kuamuru. Siku moja mama Chiriku alipitiwa na usingizi, wakachelewa kliniki. Bi Zamu akamfokea mbele za watu. Mama akamjibu: "Wewe hujazaa, utajua nini?" Ni kweli, hakujaliwa mtoto. Aligeuka akaondoka. Siku mbili hakukanyaga kwao.

"Siku ya tatu," anasema mama, "nilimkuta uani kwangu, anafua shuka alizotapikia mwanangu. Nikasema, dada, nisamehe. Akasema, 'Nilimfokea mtu aliyechoka, kosa ni langu. Shika upande huo tukamue.'"

Kisha kuna siku ya shangazi yake Chiriku. Alikuja wodini, akasimama pembeni ya kitanda, akaanza kuuliza mtoto atazikwa wapi. Bi Zamu akamshika mkono taratibu hadi kwenye korido. "Anasikia," akamwambia. "Na hajafa." Aliporudi, Chiriku alikuwa anamsubiri.

"Bibi, nitakufa?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hata daktari hajui. Ninachojua, hakuna atakayekuzika huku unapumua. Leta hesabu zako, ulibakiza tatu."

Chiriku anasema alizimaliza zote, na moja alikosa.

Wasikilizaji, Bi Zamu alizikwa Alhamisi mchana. Alhamisi ndiyo siku ya Chiriku ya kuwekewa dawa. Baba alitaka waombe siku nyingine. Binti akakataa. "Bibi angenifukuza makaburini," aliniambia. Mwenye duka akafunga duka, akampeleka hospitali. Dawa ilipoisha wakaja moja kwa moja makaburini; walipofika, udongo ulikuwa umeshaanza kumwagwa. Chiriku akashuka garini, plasta mkononi, kichwa wazi, hana unywele hata mmoja. Watu wakampisha. Akatapika kando ya njia, akajifuta mdomo, akasogea, akachukua udongo wake, akautia kaburini.

Chiriku hajapona. Majibu ya vipimo yatatoka mwezi ujao, na hakuna anayejua yatasemaje. Jana nilipopiga simu kwa mama yake, jirani mwingine ndiye aliyepokea. Alikuwa jikoni kwao, anapika.

Kwa dada wawili wa marehemu, kwa wenzake wa kiwandani, na kwa nyumba ile ya pili iliyompoteza bibi: pokeeni pole zetu, tunalia nanyi.

Nawe unayenisikiliza, kuna nyumba uliacha kuipitia kwa sababu umeishiwa maneno. Nenda bila maneno. Kuna vyombo vya kuosha pale, na kuna mama ambaye hajalala. Ugonjwa haukuona haya kurudi mara ya tatu. Sisi tunaona haya ya nini? Nenda leo.