Mvua Ilipozima Kompyuta Yangu Nkome

Mama zangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa chanja za kuanikia dagaa, wabeja kwa kunipa nafasi. Nimesimama kuwaeleza nilivyoanguka, maana wengi mnaijua nusu tu, ile ya kuchekesha.

Niliporudi kutoka chuoni niliandika programu kwa Python. Kazi yake ndogo tu: mwenzetu wa mwalo wa jirani, pale mitumbwi inapotia nanga, akiona mvua inatoka ziwani, anabonyeza kwenye simu, sisi huku tunapata onyo na kufunika dagaa mapema. Wanaume wa mwaloni wakaniita mganga wa mvua. Nikawaacha waite.

Sasa, programu ile ilikuwa inakaa kwenye kompyuta yangu ya mezani, pale sebuleni kwetu. Simu zenu zote zilikuwa zinaiuliza hiyo. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, ilianza kwa kukata umeme. Kompyuta ikazima, onyo halikufika, na hakuna aliyekuwa akitazama ziwa kwa sababu mliniamini. Dagaa wa kikundi kizima waliozea kwenye chanja. Ndugu zangu, nawaambia, nililia kama mtoto. Na nje wanaume wanaulizana, “Mganga vipi, majini yake yanatumia umeme?”

Kisha akaja mama mmoja, yuko humu ndani, aliyepoteza kuliko wote. Nilijua amekuja kunitukana. Akasema, “Mayu, mwanangu, hata kabla ya hicho chombo chako tulikuwa tunaloa. Kitafutie mahali ambapo umeme haukatiki.”

Hapo hasira ikanipanda, ile nzuri. Nikakodi nafasi kwenye seva ya mbali, inayowaka saa zote. Nikapandisha programu, ikagoma. Maandishi mekundu skrini nzima. Kumbe seva mpya ni kama jiko lisilo na hata mwiko, lazima uiandikie kila kifurushi cha kusakinisha. Nikaandika. Ikagoma tena, kwa sababu nilikuwa nimeielekeza ijibu kompyuta yangu tu, simu za nje isizisikilize. Nikabadilisha. Nikaiambia kwa sauti, mama yangu akisikia: utachoka wewe, mimi sichoki! Ikafunguka.

Mvua iliyofuata ilikata umeme Nkome nzima. Nilikuwa chanjani, simu mkononi. Onyo likaingia. Mlivuta maturubai mkipiga kelele, na mvua ilipofika wengine mlikuwa mnaicheza.

Namshukuru yule mama. Nawashukuru wenzetu wa mwalo wa jirani, na ninyi mliokubali kuifungua programu tena baada ya hasara ile. Nilichojifunza ni hiki: kitu cha watu wengi kisitegemee sebule ya mtu mmoja.

Lakini leo bado kinategemea kichwa cha mtu mmoja. Nikiugua, hakuna wa kukirekebisha, na hilo silikubali. Kompyuta nimekuja nayo, iko pale mezani. Nani anaanza kujifunza?