Mama Daftari, Aliyeirudishia Picha Kompyuta ya Karakana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana yetu ya viungo bandia, msimamizi wetu wa mitambo anastaafu tarehe 30 Juni. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kutia mafuta mashine mbili na kufunga madirisha jioni. Anaondoka akiwa na mitambo yote mikononi mwake, kompyuta zikiwemo, ingawa hakuna aliyewahi kumpeleka darasani kusomea kompyuta. Alijifunza kwa kusoma vijitabu vinavyokuja na vifaa, vile ambavyo sisi wengine huvitupa pamoja na boksi.

Jina la Mama Daftari alipewa na wachongaji. Kila kifaa kilichoingia hapa aliandika namba yake, mahali kilipofungwa na siku kilipoharibika. Ukimwuliza jambo, hakujibu kabla ya kufungua ukurasa. Wapo waliomcheka alipoandika hata namba ya feni ya mapokezi. Feni ilipoungua, yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa pacha wake amelala stoo, nyuma ya magunia ya plasta. Waliocheka walipepewa na feni hiyo.

Wasioifahamu kazi yetu waelezwe kwa ufupi. Mguu wa bandia huanza na kigutu cha mgonjwa, ile sehemu ya mguu iliyobaki. Kigutu hupimwa, umbo lake huonekana kwenye skrini, mchongaji hulirekebisha kwa jicho, kisha mashine huchonga kalibu, yaani umbo ambalo mguu hufinyangwa juu yake. Mashine hiyo huongozwa na programu ya zamani, na programu hiyo haikubali kufanya kazi ila katika mfumo endeshi wa zamani, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, uliokwisha kuachwa na waliouunda. Kwa hiyo kompyuta ya kuchongea ni kongwe, na hakuna aliyethubutu kuifungua isipokuwa Mama Daftari.

Miaka mitatu iliyopita, kadi ya picha ya kompyuta hiyo iliungua. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Aliyekuwa akisubiri kwenye benchi siku hiyo ni mpishi wa shule ya bweni, mama aliyepoteza mguu katika ajali. Mwalimu mkuu alikuwa amemshikia nafasi yake hadi shule ifunguliwe, na zilibaki siku kumi na moja. Kumchongea kwa mkono kungechukua wiki sita. Mkurugenzi alimweleza kwa upole kwamba mashine mpya imo katika mpango wa mwaka ujao.

"Mwaka ujao, mwanangu," alijibu mpishi, "sufuria zangu zitakuwa na mwenyewe mwingine."

Mama Daftari alikuwa amesimama mlangoni, kadi iliyoungua mkononi. Aliingia chumbani kwake na kuanza kazi.

Kadi mpya ilinunuliwa kesho yake. Kompyuta iliwaka, lakini skrini ilionyesha herufi kubwa kama za bango, na programu ya kuchongea iligoma kufunguka. Kadi ya picha haielewani na mfumo endeshi pasipo draiva, yaani programu ndogo inayoviunganisha viwili hivyo, na watengenezaji wa kadi mpya hawaandiki tena draiva za mifumo ya zamani. Fundi wa nje tuliyemwita alipakua draiva kutoka tovuti asiyoijua. Skrini ikawa buluu tupu, naye akashauri kila kitu kifutwe na mfumo mpya uwekwe. Mama Daftari alimshukuru, akamsindikiza hadi getini, kisha akairudisha diski katika hali yake ya awali kwa nakala aliyokuwa ameihifadhi.

Hapo ndipo alipoanzia upande wa pili. Sisi tulikuwa na kadi, tukaitafutia draiva. Yeye aliamua kutafuta kwanza draiva za mwisho zilizowahi kuandikwa kwa mfumo ule, kisha aitafute kadi inayozikubali. Kwa siku tatu alisoma orodha za watengenezaji, akinakili namba. Aligundua pia kosa letu: tulifuata jina lililo kwenye boksi, ilhali kadi mbili za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti, na chipu ndiyo ubongo wa kadi. Cha kufuatwa ni namba ya chipu.

Alikwenda na namba saba kwa muuza kompyuta za mitumba, akapekua makreti matatu kwa miwani na tochi hadi muuzaji akachoka kumtazama.

"Mama, hizo nauza kwa kilo. Hiyo uliyoshika ni rika la mwanangu wa sekondari."

"Basi imekomaa," alisema. "Nifungie."

Draiva ilikubali mara ya kwanza. Kigutu cha mpishi kilitokea kwenye skrini, rangi zote mahali pake. Karakana nzima ilipiga makofi, na mwandishi wa maneno haya alipiga kwa nguvu kuliko wengi. Mchongaji alikwisha kuvuta kiti.

"Mama, mambo safi. Nianze?"

"Safi kwa macho. Rula iko wapi?"

Alichora duara kwenye skrini, akalipima juu ya kioo. Upana ulikuwa sentimita kumi na sita, kimo kumi na tano. Draiva ilikuwa ikiivuta picha ili ijaze skrini. Mchongaji anayerekebisha kwa jicho angepunguza mahali pasipozidi, na mguu ungembana mwenyewe. Zilibaki siku nne, na manung'uniko yalianza.

"Sentimita moja tu, Mama!"

"Utauvaa wewe?"

Aliiondoa draiva ile, akaweka toleo lililoitangulia, picha ikatetemeka. Akaweka toleo la nyuma zaidi, na ndani yake mlikuwa na chaguo la kuiacha picha katika vipimo vyake. Rula ikarudi kwenye kioo: kumi na tano kwa kumi na tano. Ndipo alipomwachia mchongaji kiti, na bado alimtaka apime mwenyewe.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mpishi alitembea katika chumba cha mazoezi. Alikwenda, akageuka, akarudi, akauliza kama anaruhusiwa kubeba kitu kizito. Tulimpa ndoo ya maji. Aliibeba hadi ukutani bila kumwaga, na kesho yake aliripoti kazini.

Mama Daftari hakosi kasoro. Hakuwahi kumsamehe mtu aliyeweka kikombe cha chai karibu na kibodi, na mumewe anatuarifu kwamba redio ya nyumbani kwao haijatoa sauti tangu mwaka juzi. Hata hivyo, haondoki akituacha mikono mitupu. Ameandika hatua zote katika kurasa kumi na tisa, na warithi wake wawili wamefuta draiva ile na kuiweka upya mara tatu mbele yake.

Mama, watu mia nne na kumi na wawili wanatembea leo kwa miguu iliyopita katika kadi ile kuukuu. Wengi wao hawakujui. Wanachojua ni kwamba mguu hauwabani. Kwa ajili yao na kwa ajili yetu, asante sana. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu, na redio inayosikika.